Kopo la Mwisho Mkono wa Kulia

Mzee Leodegar alirudi kazini akiwa bado ananuka moshi wa dungu la shambani. Alikuwa amechukua likizo kwenda kulinda mpunga usimalizwe na ndege, na uso wake ulikuwa umeungua jua. Aliikokota baiskeli yake kutoka Mlabani hadi kituo cha afya cha Mtakatifu Ana bila kuipanda hata mara moja. Binti yake Verediana alimfuata nyuma kidogo, koti lake jeupe amelikunja kwapani, maana hakuthubutu kulivaa njiani mbele ya baba.

"Mbona hupandi, baba?" aliuliza walipokaribia reli.

"Tairi halina upepo."

Verediana aliliangalia tairi. Lilikuwa limejaa tele.

Chuo cha ufamasia kilikuwa kimemleta Verediana kufanya fildi palepale, kwenye chumba cha dawa ambacho baba yake alikuwa akigawa dawa tangu yeye hajazaliwa. Alipokuwa mdogo alikuwa akitumwa pale na uji wa baba, akakaa chini ya dirisha na kusikiliza watu wanavyoongea naye. Tangu hapo alitamani kitu kimoja tu: asimame upande wa ndani, bega kwa bega na baba, watu wawaone wote wawili. Sasa alikuwa ndani. Lakini baba hakuwa amemwita kwa jina hata siku moja mle kazini. Aliwaita yeye na mwenzake Luqman "wanachuo," basi.

Mzee alipoingia, alivaa koti lake akasimama mbele ya rafu. Alisimama kitambo.

"Mmefagia," alisema.

"Tumepanga upya, mzee," alijibu Steven, kijana aliyeletwa mwaka ule kuwa mkuu wa chumba cha dawa. "Shikamoo. Tumepanga kwa alfabeti, kama chuoni. Sasa hata mgeni akija leo anafanya kazi."

"Marahaba. Vizuri. Mgeni asihangaike."

Verediana alikuwa ameandika lebo zote kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu, herufi zimenyooka. Alingoja baba aseme neno juu ya mwandiko. Mzee alikwenda dirishani.

Zamani kila kopo lilikuwa na mahali pake, alipoliweka Sista Notburga, mmisheni wa Kizungu aliyemfundisha Leodegar kazi. Dawa za homa kushoto karibu na mkono, za minyoo katikati, na dawa ya kifafa rafu ya chini, kopo la mwisho mkono wa kulia, mbali na mengine. Mkono wa mzee ulikuwa unakwenda wenyewe, kama unavyopeleka tonge mdomoni hata taa ikizimika.

Watu walikuwa wengi. Mzee hakuwa na haraka. Alimsalimia kila mtu, akamuuliza ya nyumbani, kisha akamuuliza, "Na daktari kakwambia unaumwa nini?" ndipo akaipokea karatasi. Makopo ya rafu za juu alimtajia Luqman majina, naye akamshushia. Wengi walizipita zahanati za karibu na kwao, wakaja hapa kwa ajili ya salamu hizo.

"Mzee akimaliza kuulizia mbuzi," Luqman alimnong'oneza Verediana, "mgonjwa keshapona anarudi zake."

Akafika Mama Kija, Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe upande wa Mngeta. Binti yake Kija alikuwa na kifafa.

"Mama Kija, ng'ombe wameamkaje?"

"Wameamka, baba. Na wewe mpunga umeuachia ndege?"

"Nimemwachia mke wangu. Ndege wanamwogopa kuliko mimi." Watu kwenye foleni wakacheka. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Tangu Pasaka hajaanguka."

Mzee aliinama, akanyoosha mkono kwenye rafu ya chini, akachukua kopo la mwisho mkono wa kulia. Verediana, aliyekuwa mezani nyuma yake, aliona mwandiko wake mwenyewe juu ya kopo lile. Yalikuwa maandishi ya dawa ya pumu. Vidonge vidogo, vyeupe, vinafanana na vya kifafa kama mapacha. Mzee alivihesabu kwa ncha ya kisu, akavitia kwenye bahasha ya kaki.

"Jioni kabla hajalala, kama siku zote," alisema.

Neno lilimfika Verediana kwenye meno likarudi. Foleni ilikuwa inasikiliza, na mlango wa ofisi ya Steven ulikuwa wazi. Atamwambiaje baba mbele ya watu kwamba amekosea? Tena baba huyu? Mama Kija akafunga bahasha kwenye pindo la kanga, akaondoka.

"Nakwenda uani mara moja," Verediana alisema. Akajaza bahasha nyingine upesi kutoka kopo la kifafa, akatokea mlango wa nyuma.

Alimkuta Mama Kija kituo cha magari ya Mngeta, tayari ameshapanda nyuma ya pikapu, magunia yanamsonga.

"Mama, naomba hiyo bahasha. Uchukue hii."

"Ya mzee ina nini?"

"Haina kitu. Hii ndiyo mpya."

Mama Kija alizishika zote mbili, moja kila mkono, akamtazama. "Mwanangu, Kija akianguka haangukii kwenye majani. Mwaka juzi aliangukia motoni. Niambie, mzee amekosea?"

"Hajakosea. Ni mimi niliyempa kopo siyo."

"Wewe."

"Mimi, mama."

Mama Kija alimrudishia ile ya kwanza kwa ncha za vidole. "Basi tuliza kichwa, binti. Usije ukamharibia mzee wa watu jina lake."

"Sawa, mama. Nisamehe."

Pikapu ilipoondoka, Verediana alibaki kwenye vumbi ameishika ile bahasha. Alikuwa na hofu, ndiyo. Lakini chini ya hofu alikuwa na hamu ya kitu kisicho na maana, kwamba baba angekuwa amemwona akikimbia.

*

Katarina, mke wa Leodegar, alikuwa ameshatoka kulinda ndege, yuko nyuma ya nyumba anachambua mchele kwenye ungo. Verediana alikaa karibu naye kwenye mkeka, akaanza kumsaidia.

"Mama, baba haoni."

"Anaona."

"Mama."

Katarina alichagua jiwe akalitupa kwa kuku. "Zamani tulikuwa tunachambua pamoja jioni, mimi naye. Majirani walimcheka, mwanamume mzima na ungo. Hakujali. Mwaka juzi nikaanza kukuta mawe upande wake. Nikawa narudia akiondoka. Halafu akaacha mwenyewe. Akasema mgongo unauma."

"Ulijua na hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Vere? Nimeolewa na mtu wa dirishani. Tangu harusi namngoja arudi nyumbani mapema tukae kama watu. Nikimwambia leo, kesho atarudi. Lakini atakayerudi hatakuwa yule niliyekuwa namngoja."

"Leo ametoa dawa siyo. Nimeifukuzia mpaka kwenye gari."

Ungo ulitulia. "Amejua?"

"Hajui. Wewe ndiye unayeweza kumwambia, mama. Mimi ni mtoto."

"Na mimi ni mke. Dada zake ndio wangeweza, nao wamekufa wote." Katarina alianza tena kupeta. "Chambua upande wako vizuri. Hilo hapo ni jiwe."

Mzee aliingia uani akikokota baiskeli, akakohoa mlangoni kama kawaida yake, na wote wawili wakamwitikia kwa pamoja, kwa sauti ya uchangamfu iliyozidi kidogo.

*

Wiki ile Verediana hakukaa. Kila mzee alipoinama, naye aliinama. "Acha nikupe, baba, mgongo wako." Mzee alipokea kopo, akanung'unika kwamba wanachuo wa siku hizi wanakaa miguuni kama paka. Luqman alicheka. Verediana naye alicheka, jasho linamtoka.

Ijumaa mchana, wagonjwa walipokwisha, Steven alitoa benchi na ubao barazani. Kila wiki aliwafundisha wanafunzi wake somo moja nje ya dawa zenyewe. Safari hii alimwekea mzee kiti mbele.

"Bwana harusi," Luqman alinong'ona.

"Nimekusikia," mzee alisema. "Posa umeleta?"

Steven aliwaacha wacheke kisha akaandika ubaoni. "Mada ni hii: wazee na vijana kazini. Mtaondoka hapa mwende hospitali ambazo mtakuta watu wenye umri wa baba zenu, na wewe mwenye cheti ndiye utakuwa mkubwa wao. Wengi wanashindwa hapo, siyo kwenye dawa. Mzee, tuanze na wewe. Vijana wanakukera nini?"

"Hawasalimii. Wanasema 'mwingine,' kama vinyozi."

"Luqman, wazee wanakukera nini?"

"Niseme kweli?"

"Ndiyo maana tumekaa."

"Mzee hafundishi. Nikimuuliza dawa fulani iko wapi, ananiambia angalia. Kuangalia najua tangu kwetu."

Verediana aliangalia vidole vyake. Mzee hakukasirika. "Sista Notburga alinifundisha kwa kunipiga rula kwenye vidole. Wewe shukuru unaambiwa angalia."

"Haya, sasa swali lenyewe," Steven alisema. "Umemwona mkubwa wako anakosea dawa. Mgonjwa yupo dirishani. Utafanyaje? Luqman."

"Namwambia palepale. Dawa siyo mchuzi, useme kesho chumvi ilizidi."

"Mbele za watu?" mzee aliuliza.

"Mbele za watu."

"Baba yako dukani akikosea hesabu, wateja wamejaa, unamwambia?"

Luqman alijikuna kisogo. "Yule namkanyaga mguu, mzee."

"Naye?"

"Ananikanyaga zaidi."

Mzee alicheka kuliko wote, mpaka akafuta macho kwa kiganja. Kisha akasema taratibu, "Sista alipozeeka mikono ilimtetemeka. Akipima dawa ya maji, nusu inamwagika. Mimi nilikuwa nangoja ageuke, napima upya. Hakujua mpaka tunamzika. Hiyo ndiyo heshima. Mkubwa wako humvui nguo mbele za watu."

"Na siku ambayo hukuwepo, mzee?" Steven aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli.

Mzee alinyoosha mgongo. "Nilikuwepo siku zote."

"Verediana, wewe utafanyaje?"

Alijua jibu la kitabuni. Alijua na jibu la baba.

"Sijui, mwalimu."

"Mwanafunzi ninayemtegemea hajui?"

"Sijui."

Mzee aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya binti yake, akautuliza hapo. Verediana alidhani anatazamwa. Alijiweka sawa, akangoja. Lakini macho ya baba yalikuwa yametua pembeni yake, kwenye nguzo ya baraza.

*

Jumatatu alitangulia. Alimwomba mlinzi ufunguo, akaingia peke yake, akaanza kuhamisha makopo. Za homa kushoto. Za minyoo katikati. Kopo la kifafa akalishusha rafu ya chini, mwisho, mkono wa kulia, na la pumu akalipeleka juu. Alifanya bila kuhitaji kukumbuka, maana mpangilio ule aliujua kabla hajajua kusoma. Alipomaliza alipumua. Baba angekuwa salama mpaka fildi iishe. Baada ya hapo hakutaka kufikiri.

Steven aliingia, akanyoosha mkono juu kuchukua kopo, akaurudisha. Akasoma rafu yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Luqman alikuwa mlangoni. Mzee alikuwa karibu na dirisha anafunga vifungo vya koti.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi hata salamu sijamaliza," Luqman alisema.

"Mimi," alisema Verediana.

"Kwa nini?"

Verediana alilisukuma kopo moja likae sawa.

"Uliandika lebo mwenyewe. Nilikusifu. Leo unapindua rafu bila kumwambia mtu? Mpaka kopo la kifafa? Mwenzako akija na mpangilio wa jana kichwani ataua mtu. Nitawaandikia nini chuoni? Unajua ukifeli fildi unarudia mwaka?"

"Najua."

"Basi niambie sababu. Sababu moja tu, Verediana, niiandike."

Alitazama sakafu. Mikono ya mzee ilikuwa imesimama kwenye kifungo.

"Kopo la kifafa limewekwa wapi?" mzee aliuliza.

"Kule chini, mzee. Mwisho kabisa, kulia."

"Na jana yake lilikuwa wapi?"

"Juu, katikati. Tangu ukiwa likizo."

Nje watu walishaanza kupanga foleni, mtoto analia, mtu anamwuliza mwenzake kama dawa ya kikohozi ipo. Uso wa mzee ulibadilika polepole.

"Mama," alisema. Hilo lilikuwa jina la nyumbani, kwa kuwa Verediana alirithi jina la mama mzazi wa mzee, na mzee hakuwahi kulitamka mle ndani. "Siku ile ya Mama Kija. Ulisema unakwenda uani."

"Ndiyo, baba."

"Ulikwenda uani?"

"Sikwenda."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Gari lilikuwa halijaondoka."

Mzee aliweka kiganja kwenye kizingiti cha dirisha, akakibonyeza kama anayejaribu uimara wa mbao. "Bwana Steven, usimwandike mtoto vibaya. Amerudisha makopo kwa ajili yangu. Mimi hizo herufi sizioni. Na karatasi za daktari sizioni. Ninawauliza watu wenyewe."

"Mzee," Steven alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa watu, siyo ya mkuu. "Ungesema."

"Kwa nani? Kwa Luqman?"

Luqman hakucheka. Mzee alianza kufungua vifungo alivyokuwa ameshavifunga, kimoja kimoja, kutoka juu. Verediana alitaka kumwambia asivue. Alitaka kumwambia kwamba wangeweza, yeye asome na baba asalimie, kwamba hivyo ndivyo alivyotaka tangu zamani. Yote yalikuwa ndani ya kinywa chake.

"Mzee, tumefika," mtu aliita kutoka nje. "Leo hatusalimiwi?"

"Nenda," mzee alimwambia binti yake. "Wasalimie."

*

Muuguzi wa macho alimmulika mzee akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi, wangejaribu kuzuia kilichobaki. Steven hakumfukuza. Alimwekea mzee kiti barazani awapange watu foleni. Mzee alikwenda siku chache. Watu walimsalimia, kisha wakampita kwenda dirishani, na wengine waliokuwa hawajui walimnyooshea karatasi zao, naye akawaelekeza kwa kidole. Asubuhi moja alivaa viatu, akanywa chai, akakaa tena. Katarina alimngoja anyanyuke. Hakunyanyuka.

Sasa alikuwa nyumbani mchana kutwa. Katarina alimletea ungo siku moja, akaweka mkeka, akakaa.

"Njoo tuchambue."

"Sitaona mawe."

"Mimi nitayaona. Wewe kaa tu."

Alikaa. Mtu akipita barabarani mzee aliinua kichwa, akasikiliza hatua mpaka zikapotea. Katarina alimtazama kutoka upande wake wa mkeka, mtu wake, yupo hapo hapo, goti lake linamgusa, na akamkosa kuliko alivyowahi kumkosa wakati yuko kazini.

Verediana alisimama dirishani mpaka fildi ikaisha. Aliuliza ya ng'ombe na ya mpunga, na watu walimjibu kwa adabu. "Na mzee?" waliuliza. "Yupo, anawasalimu," alijibu, ingawa mzee hakuwa amemtuma. Jioni alirudi akitamani aulizwe habari za kazi. Baba alimuuliza kama amekula.

Ripoti ya Steven ilikuwa nzuri.

Siku ya safari mzee alisema atamsindikiza stesheni mwenyewe. Katarina alimfungia Verediana mchele na kuku wa kukaanga, akabaki mlangoni. Walitembea pamoja, mzee ameshika usukani wa baiskeli iliyobeba begi, binti ameshika kiti. Treni ilichelewa, kama ilivyo ada yake. Walikaa juu ya begi.

"Nani yupo dirishani?" mzee aliuliza ghafla.

"Luqman. Ameongezewa muda."

"Anasalimia?"

"Anajaribu. Jana alimuuliza mtu habari za marehemu mkewe."

Mzee alitikisa mabega kwa kicheko kisicho na sauti. Verediana alikusanya moyo.

"Baba, ningekwambia siku ile, palepale?"

"Ningekuchapa."

"Halafu?"

"Halafu sijui, mama. Sijawahi kuambiwa."

Treni ilipofika kila mtu alikimbia. Mzee alipandisha begi, mtu akalipokea, watu wakamsukuma nyuma. Verediana alijipenyeza mpaka akapata dirisha, akatoa kichwa. Baba alikuwa amesimama kando ya njia, kofia mkononi, anapunga. Alikuwa anampungia msichana mwingine, behewa la mbele, kwa uso mkunjufu na wa upole, uso ambao Verediana alikuwa ameusubiri tangu alipokuwa mtoto wa kukaa chini ya dirisha. Msichana yule aliangalia kushoto na kulia, kisha akaanza kucheka na wenzake. Watu wa pembeni nao waligeuka kumtazama mzee.

Treni ilishtuka, ikaanza kwenda.

"Baba," Verediana aliita, kwa nguvu, mbele ya watu wote. "Umekosea. Mimi niko huku."

Mkono wa mzee ulisimama hewani. Kisha aligeuka, taratibu, akaifuata sauti.